Kipi Kinachobaki

Mwaka 1965 kampuni ya Harley-Davidson ya Milwaukee, Marekani, ilitoa Electra Glide, pikipiki nzito ya safari ndefu, ya kwanza katika ukoo wa pikipiki zake kubwa kuwashwa kwa kitufe badala ya kupigwa teke. Mnunuzi alipokwenda kuisajili, namba iliyoandikwa kwenye hati yake ilikuwa ile iliyogongwa kwenye injini, ubavu wa kushoto. Fremu haikuwa na namba ya utambulisho. Mbele ya sheria, pikipiki ilikuwa injini. Fremu, tangi na magurudumu vilikuwa wafuasi tu. Kuanzia matoleo ya 1970 kampuni ikagonga namba kwenye shingo ya fremu pia, na siku hizi mkaguzi anayetaka kujua hii ni pikipiki gani huinama kwanza kuitazama shingo hiyo.

Chukua waendeshaji wawili, kila mmoja na Electra Glide kuukuu, huyu ya 1969, yule ya 1971. Kasha la injini limepasuka kwa wote wawili. Kila mmoja anatafuta kasha jingine, anaifunga injini upya, anarudi barabarani. Kazi ni ileile, spana ni zilezile, jasho ni lilelile. Lakini yule wa 1969 amejitia mashakani mbele ya msajili, kwa sababu kilichobeba jina la pikipiki yake kimekwenda na chuma chakavu. Yule wa 1971 anayo pikipiki yake ileile na hakuna wa kumuuliza. Kilichowatenganisha ni uamuzi wa watu wa ofisini kuhusu mahali pa kugonga namba.

Uamuzi huo ulikuwa wa lazima, maana wezi wapo na mahakama zinahitaji kitu cha kushika. Hata hivyo hauwezi kuwa jibu la swali lenyewe: kitu kinapobadilishwa kipande baada ya kipande, ni kipi kinachobaki na kutupa haki ya kusema ni kilekile? Na nyuma ya swali hilo limesimama jingine ambalo dini zote zimelihangaikia. Mtu naye hubadilika nyama, meno, nguvu na kumbukumbu. Ni kipi kwake kinachobaki?

Darasani swali hili hufundishwa kwa mifano ya kubuni. Gereji ya mtu aliyeendesha pikipiki maisha yake yote ni mahali bora zaidi pa kuliulizia, kwa kuwa pale jibu lina gharama, lina uzito wa kilo mia tatu na zaidi, na lina mwenyewe.

Honda ilipoionyesha Gold Wing GL1000 kwenye maonyesho ya Cologne, Ujerumani, Oktoba 1974, watu waliona injini ya silinda nne zilizolala, mbili kila upande, ya sentimita za ujazo 999, inayopozwa kwa maji na kuzungusha gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya mnyororo. Tangi la mafuta lilikuwa chini ya kiti. Kile kilichoonekana kama tangi kilikuwa kasha la vifaa vya umeme. Pamoja na ukubwa wake wote, ilitoka kiwandani uchi, bila kinga ya upepo wala masanduku ya mizigo. Kazi iliyobaki waliifanya waendeshaji wenyewe, hasa wa Marekani. Walinunua kinga kubwa ya upepo iitwayo Windjammer, iliyobuniwa na Craig Vetter wa Illinois, wakafunga masanduku ubavuni, wakabadilisha viti, wakaongeza taa na redio. Mwaka 1980 Honda ikaja na GL1100, na pamoja nayo aina ya Interstate iliyokuwa na kinga na masanduku tangu kiwandani. Kiwanda kiliwafuata wateja wake.

Jambo hili linafaa kukumbukwa kila anapotokea mtu wa kusema kwamba kuibadilisha Gold Wing ya zamani ni kuiharibu. Umbo ambalo leo linaitwa la asili lilizaliwa mikononi mwa watu waliokuwa wakilibadilisha.

Mwendeshaji aliyeinunua pikipiki hiyo akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano sasa ni mzee, na orodha ya aliyoyafanya ni ndefu. Katika Gold Wing za miaka hiyo, koili zinazozalisha umeme zimefichwa nyuma ya injini. Zikiungua, injini nzima lazima ing'olewe kwenye fremu ndipo zifikiwe. Kwa hiyo wengi wameziacha zilale huko zilikofia, wakafunga alteneta ya gari mbele ya injini, ikizungushwa kwa mkanda. Kabureta nne, ambazo kuzilinganisha ni kazi ya kumtoa mtu machozi, wengine wameziondoa na kuweka moja tu. Mikanda miwili ya mpira inayoendesha kamshafti hubadilishwa hata kama inaonekana mizima, kwa sababu ikikatika, pistoni hugonga valvu na injini imekwisha. Springi za mbele zimekuwa ngumu zaidi. Taa ni za kisasa.

Halafu yapo mabadiliko ambayo hayakuanzia kwenye chuma. Usukani umevutwa nyuma na kuinuliwa kwa sababu bega la kulia halinyooki tena. Sponji ya kiti imechongwa na kupunguzwa ili miguu ifike chini vizuri, maana goti halina tena nguvu ya kuizuia pikipiki isilale. Mwenye chombo naye amekuwa akibadilishiwa vipuri: daktari amemtia lenzi mpya jicho lililokuwa na mtoto wa jicho, goti moja ni la chuma na plastiki, meno ya mbele si yake. Viwili hivi vimekuwa vikibadilika pamoja, kila kimoja kikimfuata mwenzake. Kwa hiyo mtu huyo akiambiwa, "Hii si ile pikipiki yako tena," ana haki ya kuuliza kama yeye bado ni yule aliyeinunua.

Plutarko, Mgiriki aliyeishi katika karne ya kwanza na ya pili, alisimulia kwamba watu wa Athens walikihifadhi chombo cha shujaa Theseus kwa kung'oa mbao zilizooza na kutia mpya, hadi wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema ni chombo kilekile na wale wakikana. Msomaji wa Lamu au Pemba aliyekua akiona majahazi yakipandishwa pwani na kutiwa mbao mpya hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes akalikaza fundo: itakuwaje mtu akiziokota zile mbao za zamani, akaziunganisha kwa mpangilio uleule na kupata chombo cha pili? Kipi basi ndicho cha Theseus?

Katika ulimwengu wa pikipiki kuukuu mfano wa Hobbes hutokea kweli. Yako masoko ya wazi ambako vipuri vya zamani hupangwa chini juu ya turubai: tangi, taa, kabureta, madigadi, vyote vimeng'olewa na watu waliotaka kitu kingine. Mkusanyaji mwenye subira anaweza kujenga GL1000 nzima kutokana na vitu ambavyo wenyewe walivitoa. Mwishoni atakuwa na pikipiki ambayo kila bolti yake ni ya kiwandani, na pembeni yake anasimama mzee mwenye pikipiki yenye alteneta ya gari, kabureta moja na kiti cha kuchongwa. Soko la wakusanyaji litamlipa wa kwanza zaidi. Soko hilo halikosei katika shughuli yake. Linatafuta ushahidi wa jinsi vitu vilivyotengenezwa mwaka 1975, na makumbusho yanauhitaji ushahidi huo. Lakini hilo ni swali la historia ya kiwanda. Swali la ni pikipiki ipi imeishi tangu 1975 hadi leo halijaguswa.

Liko jibu la kukata mzizi, nalo ni la Wabuddha. Katika mazungumzo mashuhuri kati ya mfalme Milinda, ambaye wanahistoria humtambua kuwa Menander, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi ya India katika karne ya pili kabla ya Kristo, na mtawa Nagasena, mtawa anamuuliza mfalme amefika kwa chombo gani. Mfalme anajibu kwamba amekuja kwa gari la kukokotwa. Basi, asema Nagasena, ekseli ndiyo gari? Magurudumu ndiyo gari? Nira je? Hatamu je? Mfalme anakana kila kimoja. Na vyote kwa pamoja? Anakana pia. Mwisho anakubali kwamba "gari" ni jina tu tunalovipa vitu hivyo vikipangwa hivyo. Ndivyo ilivyo na Nagasena, asema mtawa: hakuna nafsi iliyojificha nyuma ya vipande vya mtu.

Jibu hili lina heshima yake, na yeyote aliyewahi kuifungua injini hadi bolti ya mwisho analielewa kwa mikono. Vipande vimetandazwa mezani, na pikipiki haimo katika kimojawapo. Lakini ukiishia hapo, kuna jambo linabaki bila kuelezwa. Yule aliyevitandaza anajua wapi kila kimoja kinarudi. Amevitoa kwa nia ya kuvirudisha. Kwa siku zote hizo pikipiki haipo mezani wala kwenye fremu tupu, lakini haijapotea pia, kwa sababu kuna mtu anayewajibika nayo.

Wanatheolojia wa Kiislamu na wa Kikristo walifika karibu na hapo walipokuwa wakitafuta jambo jingine: ufufuo. Waash'ari, kundi moja la wanatheolojia hao wa Kiislamu, walifundisha kwamba sifa za vitu hazidumu nyakati mbili zikifuatana; Mungu huziumba upya kila wakati, na kudumu kwa kitu ni kuumbwa kwake bila kukatizwa. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipokuwa akiwajibu wanafalsafa waliokana ufufuo wa mwili, alikumbusha kwamba mwili wa mtu hubadilika tangu utoto hadi uzee, kwa kunenepa, kukonda na chakula anachokula, na bado mtu ni yuleyule. Basi mwili wa kiyama ukiwa wa mata hiyo au nyingine, alisema, aliyerudishwa ni mtu huyohuyo, kwa kuwa mtu ni yeye kwa nafsi yake. Karne saba kabla yake Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alisumbuliwa na maswali ya nywele na kucha zilizokatwa: je, zitarudi zote? Alijibu kwa mfano wa fundi anayeiyeyusha sanamu na kuifinyanga tena kwa chuma kilekile. Haidhuru chuma cha mkono kikienda mguuni, mradi fundi hakupoteza kitu na kazi imerudi.

Augustino alimtia fundi ndani ya jibu, na kwa upande wa pikipiki hilo ni la maana kuliko wengi walivyodhani. Pikipiki haina nafsi. Kusema vinginevyo ni kukipa chuma heshima isiyo yake. Kwa hiyo njia ya al-Ghazali haipiti hapa moja kwa moja. Kilichobaki ni yule anayeishika kazi. Pikipiki ni ileile kwa sababu mtu mmoja, au mnyororo wa watu uliopokezana bila kukatika, ameendelea kuijibia: anajua kilichotolewa na kwa nini, anabeba lawama ya kila kilichowekwa, na hajawahi kuiachilia. Fremu ikipasuka na kubadilishwa, ni ileile. Lakini pikipiki iliyotelekezwa bandani miaka thelathini, kila bolti ikiwa ya kiwandani, kisha ikauzwa kwa mtu asiyejua lolote juu yake, imekatika, hata kama namba zote zinalingana.

Upinzani upo. Mtu anaweza kusema kwamba hiki ni kitambulisho cha mapenzi, na mapenzi hayabadilishi ukweli wa vitu. Jibu ni kwamba uwajibikaji ni ukweli pia, na una alama zake za kuonekana. Mwandishi Mmarekani Robert Pirsig aliligusa hili katika kitabu chake cha 1974 kilichotokana na safari aliyoifanya mwaka 1968 na mwanawe Chris, kutoka Minnesota hadi California, juu ya Honda ya 1966. Rafiki waliyesafiri naye alikuwa na BMW ya safari, na usukani wake ukaanza kuteleza. Pirsig akapendekeza kuukaza kwa kipande chembamba cha bati kilichokatwa kwenye kopo la bia. Bati hiyo ni laini, haishiki kutu, inafaa kabisa. Rafiki alichukizwa: BMW kutiwa kopo la bia! Pirsig aliiona bati kwa kazi yake, mwenzake aliiona kwa jina lake. Wote wawili walikuwa wakisafiri, lakini ni mmoja tu aliyekubali kuijibia pikipiki kama ilivyo, hapo ilipo, kwa kilichopo mkononi.

Emilio Scotto wa Argentina alitoka Buenos Aires Januari 1985 juu ya Gold Wing ya 1980 aliyoiita Princesa Negra, yaani binti mfalme mweusi, akarudi mwaka 1995 akiwa amepita kilomita 735,000. Hakuna tairi, betri wala kiti kinachostahimili mwendo huo. Hata hivyo kitabu cha rekodi za Guinness kiliihesabu kuwa safari moja, na hakuna aliyeona ajabu.

Afrika Mashariki inalitia dai hili kwenye mtihani mgumu zaidi, na halipaswi kukwepwa. Bodaboda wa Dar es Salaam au Nairobi naye huibadilisha pikipiki tangu siku ya kwanza: kiti hurefushwa, shokamzoba za nyuma hutiwa nguvu, vyuma vya kukinga injini hulehemiwa, madigadi hupakwa rangi na maneno. Lakini mara nyingi pikipiki si yake. Jina kwenye kadi ni la tajiri anayepelekewa hesabu kila jioni, na kadi hiyo ina namba ya fremu na namba ya injini, zote mbili. Anayeijua pikipiki, anayesikia mlio wa mnyororo ukibadilika, anayeinunulia oili kabla ya kujinunulia chakula, ni dereva. Nani basi anaijibia? Wenyewe wana njia ya kulimaliza: mkataba. Dereva hupeleka fedha kwa muda waliokubaliana, na muda ukitimia, chombo kinakuwa chake. Mkataba huo unakiri jambo ambalo kadi haiwezi kulikiri, kwamba kuitunza kila siku kunazaa haki fulani, na haki hiyo hukua. Tajiri anayevunja mkataba mwezi wa mwisho na kumpa pikipiki mtu mwingine amemdhulumu dereva fedha, na amefanya jingine zaidi: amemnyang'anya kitu ambacho kwa sehemu kubwa kimekuwa kile kwa mikono ya dereva huyo.

Hatari ya kweli katika haya yote ni nyingine. Mtu anayekijibia chombo miaka hamsini anaweza kuanza kukiabudu.

Burt Munro wa Invercargill, New Zealand, alinunua Indian Scout mpya mwaka 1920. Haikuwa ya safari ndefu. Ilikuwa pikipiki ya kawaida ya sentimita za ujazo 600, na mwendo wake wa mwisho ulikuwa kama kilomita 90 kwa saa. Miaka hiyohiyo ya 1920 akaanza kuibadilisha na hakuacha. Pistoni alizimimina mwenyewe kwa kutumia makopo ya zamani, silinda alizichonga, sehemu nyingine alizikereza na kuzikwangua kwa tupa usiku baada ya usiku. Agosti 1967, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, akiwa na miaka 68 na pikipiki ikiwa na 47, aliweka rekodi katika daraja la injini zisizozidi sentimita za ujazo 1,000. Mwaka 2014 mwanawe aligundua kosa katika hesabu za wakati ule, na rekodi ikasahihishwa kuwa maili 184.087 kwa saa, yaani kilomita 296. Ndani ya karakana yake palikuwa na rafu iliyojaa pistoni zilizoyeyuka na vyuma vilivyovunjika, na maandishi yaliyosema kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa mwendo kasi.

Munro alikuwa mcheshi na pengine aliyaandika kwa kucheka. Lakini maneno hayo yanasema kweli. Kitu ambacho mtu hukitolea usiku wake, fedha yake na vidole vyake kinafanana sana na mungu, na manabii walionya juu ya kosa hilo hasa: kuiinamia kazi ya mikono yako mwenyewe. Dini za watu hazikulikimbia jambo hili, zimejaribu kulielekeza. Huko Castellazzo Bormida, kaskazini mwa Italia, yupo Bikira Maria ambaye Papa Pius XII alimtangaza kuwa mlinzi wa waendesha pikipiki mwaka 1947, na waendeshaji hukusanyika kwake kila kiangazi. Karibu na Pali, Rajasthan, India, pikipiki ya Royal Enfield ya kijana Om Singh Rathore, aliyefariki ajalini, imewekwa ndani ya kioo na wasafiri husimama kuiomba. Wenyeji husimulia kwamba polisi waliichukua, na asubuhi ikakutwa imerudi penye ajali. Kusini mwa India, wakati wa sikukuu ya Dasara, zana na vyombo vya usafiri huoshwa na kuvishwa maua.

Kati ya njia zote hizo, dua ya kupanda chombo wanayoisoma Waislamu, ambayo msingi wake ni aya za 13 na 14 za Sura az-Zukhruf na ambayo abiria wa pwani yetu wameisikia mara nyingi ndani ya mabasi alfajiri, ina nguvu ya pekee kwa swali letu. Maana yake ni kwamba aliyepanda anamtakasa Mungu aliyekitiisha chombo hicho, anakiri kwamba kwa uwezo wake mwenyewe asingeweza kukitiisha, kisha anasema kwamba kwa Mola wake ndiko atakakorejea. Mtu mwenye spana mkononi miaka hamsini ndiye anayehitaji kuisema kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliye karibu zaidi kuamini kwamba amekitiisha mwenyewe. Na sehemu ya mwisho ya dua inamweka mwendeshaji na pikipiki upande mmoja: wote wawili wameazimwa. Anayejibia chombo naye yupo anayemjibia. Kama pikipiki ni ileile kwa sababu kuna aliyeishika bila kuiachilia, basi tumaini la mtu kubaki yeye mwenyewe, baada ya nyama, meno na kumbukumbu kwenda, ni la namna hiyohiyo, na halikai ndani yake. Hivyo ndivyo al-Ghazali na Augustino walivyotumaini, kila mmoja kwa njia yake, na insha hii inatumaini pamoja nao.

Ukilichukua tumaini hilo kwa dhati, mambo fulani ya gereji yanabadilika sura. Kwanza ni suala la magurudumu matatu. Wazee wengi wa Gold Wing, magoti yakikataa, hufunga ekseli ya nyuma yenye magurudumu mawili ili pikipiki isimame yenyewe. Vijana huwaambia kwamba hiyo si pikipiki tena, na kwa fizikia wana hoja: haiinami kwenye kona, na usukani wake huendeshwa kwa namna nyingine. Lakini mzee huyo hakuanza kitu kipya. Anaendelea na kazi ileile aliyoianza alipofunga kinga ya upepo mara ya kwanza, ya kulinganisha chombo na mwili uliopo. Kumtaka aiache kwa sababu ya heshima ya magurudumu mawili ni kumtaka aikate safari ili kulinda umbo.

Pili ni siku ya kuiacha. Mwaka 1977 Munro alipatwa na kiharusi, akaona viungo havimtii kama zamani. Alizitaka pikipiki zake mbili, Indian na Velocette, zibaki katika jimbo lake la Southland, kwa hiyo akaziuza kwa Norman Hayes, mfanyabiashara wa pale Invercargill. Januari 1978 akafariki. Aliyezipokea alikuwa mtu wa mji uleule. Mnyororo haukukatika.

Wengi hawana bahati hiyo. Mzee hufa, watoto hufungua banda, wanakuta Gold Wing ya 1980 isiyofanana na picha yoyote kitabuni. Wananunua kitabu cha matengenezo cha Honda na kinawapoteza, kwa sababu kinaeleza koili za nyuma ambazo hazifanyi kazi tangu miaka ya 1990 na kabureta nne ambazo hazipo. Hawajui alteneta ile ilitoka kwenye gari gani, mkanda wake una urefu gani, wala kwa nini bolti moja ya kushoto ni fupi kuliko wenzake na haipaswi kamwe kubadilishwa na ndefu, maana itagusa bomba la maji. Haya yote yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Ndiyo maana mwendeshaji mzee mwenye chombo cha namna hii anapaswa kuwa na daftari la grisi lililoandikwa tarehe, kipuri, kilikotoka na sababu, na zaidi ya daftari, anapaswa kumkalisha mtoto, mpwa au kijana wa jirani kwenye kigoda kando yake angali mzima, amshikishe spana, amwambie alegeze bolti ile fupi na kuirudisha, mara nyingi kadiri itakavyohitajika.